Siku Ile Ulitishwa na Nini?

Kijana wangu wa gari aliruka chini kabla sijamwita. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni akikimbia na jiwe amelikumbatia kwa mikono miwili, viatu vikiteleza kwenye kokoto. Injini ilikuwa imezima. Mguu wangu wa kulia ulikuwa juu ya breki, nimeukandamiza mpaka nyonga inauma, na bado pikapu ilikuwa inarudi nyuma.

Ilirudi taratibu. Sitatia chumvi: mita nne, labda tano. Lakini nyuma yetu palikuwa na kona, na upande wa nje wa kona ile hakuna ukingo. Kuna bonde, halafu migomba ya watu chini kabisa, halafu paa la bati.

Jiwe likaingia chini ya gurudumu. Pikapu ikatikisika, ikatulia.

Tulikuwa juu ya Kyarumba, kwenye milima ya Rwenzori magharibi mwa Uganda, tumebeba mifuko ishirini ya saruji na mabati ya mtu anayejenga. Kwa muda hakuna aliyesema neno. Kijana alifuta mikono kwenye suruali, akaitazama boneti, akasema, "Mama, hii injini imechoka."

Nikamwamini. Kwa wiki sita nzima niliamini hivyo.

Picha kutoka Kisekka

Anayenifuatilia hapa anaijua pikapu hii: Hilux ya mwaka 1991, dizeli, injini ya 2L, rangi iliyokuwa nyeupe. Ndiyo inayoshusha kahawa yangu kutoka milimani hadi Kasese mjini. Ikirudi juu hupandisha chumvi, saruji, mbolea, na kina mama waliokuja sokoni ambao siwezi kuwaacha barabarani.

Jioni ile nilimpigia shemeji yangu aliyeko Kampala. Ni mtu wa magari tangu ujana wake. Sijamaliza kueleza, tayari alikuwa na jibu. "Shemeji, hiyo 2L ni injini ya kubebea mayai. Acha nikutafutie kitu cha maana."

Asubuhi yake picha zikaanza kuingia kwenye simu. Soko la Kisekka, soko la vipuri la Kampala, injini zimepangwa juu ya matairi makuukuu, zimeoshwa mpaka zinang'aa, namba zimeandikwa ubavuni kwa chaki. Ya kwanza ilikuwa 1KZ: lita tatu, ina tabo ya kuisukumia hewa, ileile iliyokuwa kwenye Surf na Prado za miaka ya tisini. Ya pili 1HZ, silinda sita, lita 4.2, injini ya zile Land Cruiser ambazo huku tumezoea kuziona na nembo za mashirika na hospitali mlangoni. Ya tatu ilikuwa 5L, na hiyo aliituma bila maelezo, kama nyongeza anayokutupia muuza nyanya.

Nilizitazama picha zile usiku kitandani. Nilizitazama kwenye foleni ya benki. Baba watoto aliniuliza kama ni mtu ananiandikia.

Niliitaka ile 1KZ, na nitasema kwa nini. Kahawa mbivu haisubiri. Ikichumwa leo inatakiwa ikobolewe leo, kwa sababu ikilala kwenye gunia inaanza kuchacha, na harufu ile haitoki tena. Anayefika kwanza kwa mkulima ndiye anayechagua. Mimi huwa sifiki kwanza. Katika ule mlima wananipita wanunuzi wenye magari mapya, mkono nje ya dirisha wakiniashiria nisogee, na nikifika juu nawakuta wameshapima na kulipa. Nimebakiwa na zile zilizochumwa mbichi. Miaka minane nimekuwa nikifanya biashara hii, na kila msimu mlima ule unanikata sehemu ya faida.

Kwa hiyo shemeji aliposema "nguvu", nilisikia kitu kikubwa zaidi ya injini.

Hesabu za mlima

Jambo lililonizuia kutuma pesa siku ile ile lilikuwa dogo. Nilijiuliza kwa nini gari linalokwenda vizuri Kasese mjini linakufa juu ya Kyarumba. Uzee wa injini ni uleule, chini na juu.

Injini ya 2L ina ujazo wa cc 2,446 na haina tabo. Inavuta hewa iliyopo, basi. Kasese mjini tuko kwenye mita elfu moja hivi juu ya usawa wa bahari, na mashamba ninayoyafuata yanafika mita 1,800. Kila ukipanda mita elfu moja, hewa inakuwa nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kwenye mita 1,800 imepungua kwa asilimia 16 hivi kuliko ile ya Mombasa. Pampu ya dizeli haijui hilo. Inaendelea kumimina dizeli ileile kwenye hewa pungufu, na ile inayokosa hewa ya kuungulia inatoka nyuma ikiwa moshi mweusi. Moshi ule nilikuwa nauona kila wiki, nikauita uzee.

Halafu matairi. Aliyeniuzia pikapu alikuwa ameivalisha matairi ya inchi 31, mapana, ya kupendeza. Ya kwake ya kiwandani, 205R16, yana urefu wa inchi 29 hivi. Inchi mbili unaweza kuziona ni kitu kidogo, lakini ni kama kila gia imerefushwa kwa asilimia saba. Gia ya kwanza si ile ya kwanza tena.

Niliandika namba hizo nyuma ya stakabadhi ya kahawa. Hewa, asilimia 16. Matairi, asilimia saba. Zaidi ya sehemu moja ya tano ya nguvu ilikuwa imeondoka kabla sijapakia hata mfuko mmoja.

Sasa ile 5L ina cc 2,986, yaani asilimia 22 zaidi ya 2L yangu.

Nilipoona namba hizo mbili zinakaribiana niliweka kalamu chini. Ningetoa faida ya msimu mzima kununua injini ambayo ingenirudishia kile nilichopoteza kwa mlima na matairi, na hata isingefikisha. Mlima siwezi kuubadilisha. Matairi naweza.

Nilimtumia shemeji hesabu hiyo. Akajibu haraka: ndiyo maana nakwambia tabo. Na hapo alikuwa sahihi. Tabo inaisukuma hewa kuingia kwa nguvu, kwa hiyo mlima hauinyimi pumzi kama unavyoinyima injini yangu, na 1KZ ina nguvu ya kuzungusha karibu mara mbili ya 2L. Mwenye 1KZ nzima anapanda Kyarumba na gia ya tatu.

Nzima. Neno hilo ndilo lililonisumbua wiki iliyofuata.

Inachodai injini kubwa

Injini ya mtumba inatoka kwenye nusu gari lililokatwa ng'ambo. Huwezi kujua ilitembea kilomita ngapi, nani aliiendesha, wala kama iliwahi kuchemka. Kwa 1KZ swali la kuchemka ndilo swali lenyewe, kwa sababu hedi yake, kile kifuniko cha juu ya silinda, ni ya alumini na ikizidiwa na joto inapasuka katikati ya valvu. Fundi yeyote wa huku atakuonyesha moja iliyolala nyuma ya gereji. Radieta yangu ilitengenezwa kwa ajili ya 2L. Ukiweka 1KZ ukaiachia radieta ile, mlima wenyewe utakufungulia hedi.

Basi ongeza radieta. Ongeza nyaya na kompyuta yake, maana pampu za 1KZ nyingi zinaongozwa kwa umeme. Pampu yangu inahitaji waya mmoja tu wa kuiwasha na kuizima, na ikiharibikia porini kuna watu watano ninaowajua wanaoweza kuifufua. Ongeza maunti za kuchomelea, klachi, pengine gia boksi, na springi za mbele. Difu utaiacha ileile na kuomba Mungu.

Ile 1HZ tuliiacha mapema. Ni injini ambayo naiheshimu kuliko zote, lakini silinda sita zilizosimama mstari mmoja ni ndefu, na ili ziingie kwenye Hilux inabidi ukate chuma. Pikapu iliyokatwa chuma mbele sitaki kuiendesha na watu nyuma.

Kuna na karatasi. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, na usipoibadilisha, kila kizuizi cha polisi kinakuwa mazungumzo marefu. Hilo linafanyika, linachukua siku tu.

Wengine mtauliza kwa nini nisiuze, ninunue jipya zaidi. Tangu sheria ya mwaka 2018 gari lenye miaka kumi na tano au zaidi haliingii tena Uganda. Ninaielewa sababu ya sheria hiyo na sibishani nayo. Lakini Hilux za mtindo huu, zenye springi za majani mbele na nyuma, ambazo kijana wa kijijini anaweza kuzifungua kwa spana nne, hizi zilizopo ndizo za mwisho. Ukiuza yako hupati nyingine. Ndiyo maana huku kwetu watu wanabadilisha injini mara mbili, mara tatu, kwenye bodi ileile.

Mzee aliyetoka Goma

Fundi wangu ni mzee aliyejifunza kazi Goma kwenye malori, akavuka mpaka wa Mpondwe zamani na kubaki. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Yeye hajui lugha ya mama yangu, na mimi sijui ya kwake. Anaongea kidogo. Nilimpelekea picha za Kisekka nikitegemea atachagua moja.

Alizitazama zote mpaka mwisho, akanirudishia simu. "Mama, hii yako umeipima?"

Sikuwa nimeipima. Hakuna hata mmoja kati yetu, wote tuliokuwa na maoni juu ya injini ile, aliyekuwa ameipima.

Alitoa plagi za kupasha moto moja baada ya nyingine, akafunga geji ya kupima mgandamizo wa silinda, kwa psi, kwenye tundu la kwanza, akakata dizeli, akamwambia kijana apige stata. Sindano ikapanda kwa kurukaruka. Aliandika kwa msumari kwenye kipande cha bati: 400. La pili 395. La tatu 310. La nne 390.

Kitabu cha injini hizi kinasema kila silinda isishuke chini ya 284, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 71. Kwa kipimo cha kwanza injini yangu ilikuwa imefaulu. Kwa kipimo cha pili silinda ya tatu ilikuwa imeanguka. Niliitazama ile 310 kwenye bati kwa muda mrefu. Injini ilikuwa mgonjwa kweli, lakini ugonjwa una jina na una mahali, kwenye silinda moja.

Mzee alifuta msumari kwa kitambaa, akauliza swali ambalo bado linanisumbua hadi leo.

"Siku ile ulitishwa na nini? Gari kushindwa kupanda, au gari kurudi nyuma?"

Nilifungua mdomo nikaufunga.

Gari kushindwa kupanda, nimeshazoea. Hilo linanitokea mara mbili kwa mwezi. Tunapunguza mzigo, tunaweka gia ndogo, tunaendelea. Usiku nilikuwa naamka kwa sababu ya zile mita nne.

"Kurudi nyuma," nikasema.

"Injini kubwa itazuia?"

Ndani ya dramu

Aliinua nyuma, akatoa gurudumu la kushoto, akagonga dramu kwa nyundo ya mbao mpaka ikaachia. Harufu ilitoka kabla ya kitu chochote kuonekana: oili ya difu, nzito, kama samaki aliyekaa juani. Lainingi zilikuwa nyeusi na zinang'aa. Mzee alipitisha kidole juu ya moja, akanionyesha. Kidole kilikuwa kimelowa hadi kwenye kucha.

Sili ya ekseli ilikuwa imekufa. Kwa muda gani, hakuna ajuaye. Oili ilikuwa inatembea polepole kutoka kwenye difu, inapita kwenye beringi, inaingia kwenye dramu, na mimi nikikanyaga breki nyuma palikuwa panateleza. Ukiwa unapanda na mzigo, uzito wote uko nyuma. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayotakiwa kukushika, na hendibreki nayo inafanya kazi kwenye dramu zilezile.

Kisha akafungua boneti akafuata mpira wa vakyumu kwa vidole, kutoka kwenye altaneta hadi kwenye bakuli la breki, lile linalotumia vakyumu kuusaidia mguu. Kwenye injini hizi pampu ya vakyumu iko nyuma ya altaneta. Injini ikizima, pampu inasimama nayo. Bakuli linatakiwa libaki na akiba, ya kukanyaga mara moja au mbili, na kuna valvu ndogo ya kuzuia akiba ile isitoroke. Mzee aliichomoa, akaiweka mdomoni, akapuliza. Akaigeuza, akapuliza tena. Upepo ulipita pande zote mbili.

Nikakumbuka pedali. Injini ilipozima, pedali iligeuka ngumu kama ubao chini ya mguu wangu, mara moja, bila kuniachia hata kanyago moja laini. Nilidhani ni hofu.

"Na mguu wa kushoto ulikuwa wapi?" aliuliza, bila ukali.

Kwenye klachi. Niliikanyaga injini ilipoanza kutetemeka, na sikuiachia. Kama ningeiachia, gari likiwa kwenye gia ya kwanza, injini iliyozima ingeshika magurudumu. Jambo hilo nilifundishwa nikijifunza kuendesha, na siku niliyolihitaji sikulikumbuka. Ninaliandika hapa kwa sababu najua kuna wengine huku mnaendesha milimani na hamjakumbushwa kwa miaka.

Kitu kimoja zaidi. Mifuko ishirini ya saruji ni kilo elfu moja kamili. Pamoja na mabati na sisi wawili, tulikuwa tumezidi uwezo wa pikapu ile hata ikiwa mpya. Hakuna aliyenilazimisha. Mwenye saruji aliniomba safari mbili ziwe moja, nikakubali.

Usiku wa Kagando

Wiki ile sikulala vizuri, lakini kwa sababu nyingine. Kulikuwa na usiku mmoja, mwaka jana, ambao nilikuwa nautumia kama hoja yangu kubwa ya kununua injini. Jirani wa mkulima wangu alishikwa na uchungu wa kuzaa saa saba za usiku, mvua inanyesha, na gari langu ndilo lililokuwa limelala pale juu. Tulimlaza nyuma juu ya magunia matupu, mama mkwe wake akimshikilia, turubai juu yao, tukashuka hadi hospitali ya Kagando. Alijifungua salama. Mtoto ana meno sasa.

Kila nilipotazama picha ya 1KZ nilijiambia: siku nyingine kama ile, kila dakika ni uhai. Na ni kweli, kila dakika ni uhai.

Lakini tulikuwa tunashuka.

Sijui kwa nini ilinichukua mwaka mzima kuliona hilo. Mgonjwa anashuka. Kahawa inashuka, gunia juu ya gunia. Hata jeneza mara nyingi linashuka. Mizigo mizito ya maisha ya kule juu karibu yote inakwenda chini, na pikapu inapanda nusu tupu kuifuata. Mzigo mzito kama ule wa siku ya saruji ulikuwa wa pekee. Mimi nilikuwa nahesabu nguvu za kupandia, katika kazi ambayo uzito wake uko kwenye kushuka.

Na usiku ule wa Kagando kulikuwa na harufu. Sasa naikumbuka wazi. Tulipofika getini nilisikia harufu ya lainingi zilizoungua, nikafikiri ni kawaida kwa mteremko ule na mvua ile. Nilikuwa nimemteremsha mwanamke mwenye uchungu kwa breki za mbele peke yake, bila kujua.

Dizeli yenyewe haizuii sana mteremkoni. Malori makubwa huwekewa kifaa cha kuziba njia ya moshi kwa sababu hiyo. Pikapu yangu haina. Inayonizuia ni gia ndogo, ile ya four-wheel ya chini, na gia ile haijali kama injini ni ya lita mbili na nusu au tatu. Ningekuwa na 1KZ usiku ule tungefika kwenye kona haraka zaidi, na dramu zingekuwa na oili ileile.

Nilichomwambia shemeji

Hakupenda. Aliona nimerudi nyuma kwa woga, na aliniambia hivyo kwa upole wa shemeji, lakini aliniambia. "Utatengeneza breki za gari lisilokwenda?"

Nilimjibu kwamba nitaanza na breki, halafu matairi, halafu nozo na valvu, na injini tutaijadili baada ya msimu wa mwisho wa mwaka. Nilimwambia kuhusu silinda ya tatu, maana sikutaka afikiri nimesema injini ni nzima. Itabidi ifunguliwe, au itolewe. Kama itatolewa, itakayoingia ni ya ukoo uleule, pengine 3L, cc 2,779. Inakaa kwenye maunti zilezile, inafunga kwenye gia boksi ileile, na spea zake ziko kwenye kila duka kati ya hapa na Fort Portal kwa sababu Hiace zilijaa injini hizo. Cc 333 za ziada. Shemeji alicheka aliposikia namba hiyo. Kwangu inatosha kuziba pengo la ile silinda ya tatu na kubakisha kidogo cha mlima.

Ya wanunuzi wanaonitangulia sijaipatia dawa kwenye boneti. Nimeanza kulala juu usiku wa kuamkia siku ya kununua, kwa mama mmoja mkulima anayenipa chumba, na asubuhi ninakuwa pale kabla ya wao kufika. Inanigharimu usiku mmoja mbali na watoto. Bado sijui kama nitaweza kuendelea hivyo msimu mzima.

Matairi mapana niliyauza. Kijana alihuzunika, aliyapenda. Sili zote mbili za ekseli ni mpya, lainingi mpya, valvu ya vakyumu mpya. Kitu kidogo kama kifuniko cha chupa, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko dizeli ya safari moja. Nozo tatu kati ya nne zilikuwa zinadondosha badala ya kunyunyiza. Mzee alirekebisha valvu akiwa ameinama juu ya injini kama mtu anayemkata mtoto kucha, na alikataa kuharakishwa.

Saruji sasa ni mifuko kumi na miwili. Mwenye saruji amelalamika.

Kona ileile

Jumatano iliyopita tulirudi. Tulikuwa na mifuko yetu kumi na miwili na mama mmoja aliyetoka sokoni na kuku wawili. Nilisimama chini ya ule mlima kabla ya kuuanza, nikaweka four-wheel ya chini, gia ya kwanza, na nikaachia klachi.

Pikapu ikapanda. Moshi ulikuwepo lakini mwembamba, wa kijivu. Haikuwa haraka. Tulikuwa tunakwenda polepole kiasi kwamba kijana, ambaye alikuwa ameshateremka kwa mazoea na jiwe lake, aliweza kutembea kando ya mlango wangu bila kuhema.

Katikati ya kona nilisimamisha kwa makusudi. Nilizima injini. Pedali ikazama chini ya mguu wangu, laini, ikashika. Nikainua mguu, nikakanyaga tena. Ikashika.

Kijana alikuwa ameinama nyuma ya gurudumu, jiwe mikononi, akisubiri.

"Mama, niweke?"

"Subiri kwanza," nikamwambia.

Tulikaa hivyo kwa muda, gari likiwa limetulia, kuku wakilalamika kule nyuma. Nilisikia maji ya mto chini bondeni. Kisha nikawasha, tukaendelea kupanda, naye akatembea kando yetu hadi juu, akimsimulia yule mama habari za sokoni, jiwe likiwa bado kwapani.